Kidonge Amulika Popo

Gari la Mama Pacha lilikuwa dogo, jeupe, la mviringo. Ukiliona kwa mbali ungesema kuna mtu kadondosha dawa barabarani. Na kwa kuwa Mama Pacha mwenyewe ni muuguzi, mtaa ukaliita Kidonge, na jina likakwama.

Kidonge alikuwa na mabwana wawili. Asubuhi alikuwa wa mume, fundi wa vigae. Watu wote walimwita Fundi, hata mama mkwe wake. Fundi alipakia boksi za vigae na mifuko ya gundi kwenye buti, akaenda zake kutandika sakafu za watu. Sakafu ya nyumbani kwake haikuwa na kigae hata kimoja. Alisema ataitandika wiki ijayo, na wiki hiyo mpaka leo iko njiani.

Alasiri Fundi alirudi, akamkabidhi mkewe funguo. Mama Pacha akaenda zamu ya jioni kwenye kituo cha afya, akarudi giza likiwa limeshaingia.

Makabidhiano yalikuwa na utaratibu wake. Fundi aliingiza mkono ndani ya gari, karibu na usukani. Hapo palikuwa na kigurudumu kidogo chenye namba: sifuri, moja, mbili, tatu. Alikizungusha kwa kidole, akasema, "Nimekuwekea sifuri, mke wangu."

"Asante, Baba Pacha."

Hakuna aliyejua kigurudumu kile kina kazi gani. Kando yake palichorwa kipicha kidogo cha taa. Basi Fundi akaamua kwamba ni kama kitufe cha feni. Namba ikipanda, taa inakula betri. Namba ikishuka, betri inapumzika. Hakumuuliza mtu. Mwanamume anayepima kuta za watu kwa jicho moja, amuulize nani? Kwa hiyo sifuri ikawa zawadi yake kwa mkewe. Wanaume wengine huleta maua.

Ndani ya nyumba alikuwamo pia Bibi, mama mzazi wa Mama Pacha. Pacha wenyewe walikuwa shule ya bweni. Bibi alikuwa haoni. Presha ya macho ilimwibia macho yake kidogo kidogo, akiwa na umri uleule alio nao Mama Pacha sasa. Masikio yalibaki. Ulimi nao ulibaki, tena ulinolewa upya.

Sasa sikiliza mkanganyiko ulivyoanza.

Jioni moja Mama Pacha alikuwa anatoka kazini. Akawasha taa, akaingia barabarani. Aliona majani ya miti vizuri kabisa. Aliona mabango ya madukani. Aliona hata kiota cha ndege juu ya nguzo ya umeme. Kitu pekee ambacho hakukiona vizuri ni barabara.

"Makubwa haya," alisema peke yake.

Gari lililokuja mbele yake likamwashia taa, tap, tap. Mama Pacha akafurahi. Muuguzi hujulikana na watu wengi. Naye akawasha taa zake, tap, tap, akapunga mkono. Likaja la pili, nalo likamwashia. Dereva wa tatu alifungua dirisha kabisa, akapaza sauti. Mama Pacha alisikia neno la mwisho tu, "...yako!"

"Na yako pia!" alijibu kwa tabasamu.

Alipofika nyumbani alimwambia mama yake, "Mama, watu wa mji huu wana adabu. Nimesalimiwa njia nzima."

"Na wewe uliwaona ni akina nani?" Bibi aliuliza.

Mama Pacha akajaribu kukumbuka. Hakumwona hata mmoja.

Siku iliyofuata taa zilikuwa nzuri. Aliona barabara, mashimo, na paka akivuka. Siku ya pili yake, giza tena, na salamu nyingi mno. Kisha nzuri. Kisha mbaya, mbaya, mbaya. Hazikuwa na mpango.

Hapo hofu ikamwingia. Alikumbuka maneno ya mama yake zamani, kabla hajapoteza macho. "Siku nyingine naona vizuri, mwanangu. Siku nyingine ni kama mtu kanifunika na chandarua." Maneno yaleyale! Mama Pacha alijitazama kwenye kioo cha bafuni. Akafumba jicho moja, akafumba la pili. Macho yalimtazama tu, hayakusema kitu.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mume angepaliwa na chai. Na mama yake, maskini, angejilaumu kwamba amemrithisha.

Jioni moja alijaribu ujanja. Alizungusha kile kigurudumu mwenyewe, kutoka sifuri mpaka tatu. "Ikila betri na ile," alisema. Akaondoka. Lo! Siku hiyo mwanga ulianguka hapo hapo mbele ya gari, kama maji yaliyomwagwa mlangoni. Zaidi ya hapo, giza tupu. Ilimbidi aende polepole mpaka mtu wa miguu akampita.

Aliporudi, Fundi aliona ile tatu, akashika kichwa. "Mama Pacha! Unataka kuniulia betri?" Akarudisha sifuri. Mama Pacha hakukigusa tena.

Akaenda kwa daktari wa macho, palepale kazini. Daktari akampima kwa herufi, akampima presha ya macho, akamulika ndani mpaka machozi yakamtoka.

"Macho yako mazima," daktari alisema. "Lakini mama yako aliugua presha ya macho. Wewe njoo upimwe kila mwaka, hata kama huumwi. Ugonjwa huo hauna hodi."

"Mbona sioni usiku?"

"Labda ni gari."

Akapeleka gari gereji. Fundi aliona haya kupeleka gari lililojaa mizigo, akashusha vigae vyote kwanza, akafagia hata buti. Mtu wa gereji akawasha taa mbele ya ukuta, akachuchumaa, akatazama.

"Zinalenga sawasawa," alisema. "Labda ni macho."

Mama Pacha alikaa ndani ya gari lake, mikono juu ya usukani. Macho yanasema ni gari. Gari linasema ni macho. Sasa mgonjwa nani? Alitamani awalaze wote wawili wodini, awaangalie nani ataanza kukoroma.

Alasiri ya siku hiyo Kidonge alipakiwa vigae vya kazi mpya, buti likajaa pomoni. Giza lilipoingia Mama Pacha alitoka kazini akakata kona ya soko. Aliona paa la soko. Aliona antena. Halafu ghafla, karibu kabisa na bampa, akaona kreti za mayai zinatembea.

Alikanyaga breki. Kidonge alipiga kelele akasimama. Mbele yake alikuwa mtu wa baiskeli, amebeba mayai nyuma, amekauka kama mti. Yai moja lilianguka. Lingine likafuata, kama lililokuwa linasubiri mwenzake.

"Dada!" yule mtu alisema. "Unaendesha gari au unamulika popo?"

"Nisamehe, kaka. Sikukuona."

"Mimi na mzigo wote huu? Ungeniona vipi tena, nivae kengele?"

Mama Pacha alirudi nyumbani mwendo wa kinyonga. Usiku huo aliamua. Wiki ijayo atamwambia msimamizi wake kwamba anaacha zamu ya jioni. Zamu ya asubuhi ilishajaa, na msimamizi alishasema hivyo mara nyingi. Kuacha jioni maana yake ni kuacha kazi. Lakini afadhali kuacha kazi kuliko kuua mtu. Nesi mzima aue mtu kwa gari linaloitwa Kidonge?

Kesho yake Bibi alikuwa na siku yake ya kupimwa shinikizo la damu kituoni. Alikaa huko mpaka zamu ya binti yake ikaisha, akiwachekesha wagonjwa waliokatazwa kucheka kwa sababu ya nyuzi za mshono. Wakati wa kurudi walimpa lifti jirani yao, Mwalimu Breki.

Huyu alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya tarumbeta. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuendesha magari. Gari la shule ya udereva lina breki ya pili, upande wa mwalimu. Mguu wake ulikuwa umezoea breki hiyo kiasi kwamba haukutulia popote. Hata akiwa kwenye kiti cha sebuleni, ukimsimulia habari ya kutisha, mguu unakanyaga zulia.

Bibi alipanda nyuma. Mwalimu Breki akakaa mbele. Mama Pacha akawasha taa, roho mkononi.

"Mbona leo mmenilaza?" Bibi aliuliza.

"Nani kakulaza, Mama?"

"Nimeegemea nyuma kama niko kwa kinyozi. Bado kunyolewa ndevu tu. Jana ulipotoka gereji ukanipeleka kanisani nilikaa wima kama askari."

"Kiti ni kilekile, Mama."

"Kiti ndicho kilekile. Gari ndilo limekaa kitako."

Mama Pacha alikaza macho barabarani. Kichwa chake kilikuwa kimejaa. Gari likaja mbele, likawasha taa, tap, tap. Kwa mazoea akainua mkono apunge.

"Unampungia nani?" Mwalimu Breki aliuliza.

"Sijui. Ananisalimu."

"Anakusalimu?" Mguu wa Mwalimu Breki ukakanyaga sakafu kwa nguvu. "Shoga, huyo anakutukana! Umemchoma macho! Umewasha taa za juu?"

"Za chini! Tazama mwenyewe."

Mwalimu Breki akatazama. Kweli, zilikuwa za chini. Akatazama mbele, akaona majani ya miti yanang'aa.

"Egesha pale," alisema. "Mbele ya ukuta wa ghala. Pale pako tambarare. Usikaribie sana ukuta."

Mama Pacha akaegesha. Mwanga wa taa ulitua juu kabisa ya ukuta, karibu na paa. Popo mmoja akatoka kwenye tundu, akaruka, amekasirika.

"Yule mtu wa mayai hakukosea," Mama Pacha alinong'ona. Hapo machozi yakamshinda. Akasema yote. Salamu, chandarua, daktari, gereji, mayai, mpaka ile nia ya kuacha kazi. "Nilidhani napofuka, Mama. Nilidhani ni zamu yangu."

Bibi akajiinua kutoka kwenye kiti cha nyuma. Kisha mkono wa Bibi ukaja mbele, ukatafuta bega la binti yake, ukalipata.

"Na hukuniambia."

"Niliogopa utajilaumu."

"Nijilaumu? Macho yangu yameibiwa, sikuyagawa mimi. Wewe kwangu ulirithi ubishi na visigino. Mwalimu, hebu tuambie. Gari hili lina nini?"

"Kwanza buti lina nini?" Mwalimu Breki aliuliza.

"Vigae vya Fundi," Mama Pacha alijibu, akijifuta machozi.

"Kila siku?"

"Akivimaliza, buti linakuwa tupu. Asipovimaliza vinalala humo. Kuvishusha na kuvipandisha vinavunjika."

Mwalimu Breki akapiga makofi. "Basi Bibi ameshamaliza kazi. Gari limekaa kitako! Mzigo mzito ukiwa nyuma, mkia unashuka, pua inapanda. Pua ikipanda, taa zinatazama mbinguni. Barabara inabaki gizani, na wenzio wanaokuja unawamulika machoni. Gari kubwa hustahimili. Kidogo kama hiki, weka boksi chache tu nyuma, utaona."

"Lakini gereji walisema zinalenga sawa!"

"Mlipeleka na vigae?"

Mama Pacha akageuka kutazama buti. Alikumbuka Fundi akishusha boksi, akifagia buti, anatoka jasho.

"Tuliona haya," alisema.

"Mlimpeleka mgonjwa hospitali, homa mkaiacha nyumbani." Mwalimu Breki akainama karibu na usukani. "Na hiki kigurudumu, nani kakiweka sifuri?"

"Mume wangu. Kila siku. Taa zisile betri."

"Zisile nini?" Mwalimu Breki alicheka mpaka Kidonge akatikisika. "Hiki hakihusiani na betri hata kidogo! Hiki ndicho kinachoinamisha taa. Sifuri ni dereva peke yake, buti tupu. Taa zimeinuka kiasi chake. Ukiongeza mzigo nyuma, unaongeza namba, taa zinainama. Tazama ukutani."

Akazungusha. Moja. Mwanga ukashuka kidogo. Mbili. Ukashuka tena. Ulishuka ukutani kama paka anayeshuka mtini kinyumenyume. Tatu. Ukatulia chini.

"Umeona ukingo wa juu wa mwanga?" Mwalimu Breki aliuliza. "Uwe chini kidogo ya kimo cha taa zenyewe. Hapo unaona barabara na hummulikii mtu machoni. Gari likiwa halina kigurudumu hiki, punguza mzigo, au mtu wa gereji akulengee taa mzigo ukiwa ndani."

"Mbona mimi niliweka tatu siku moja, nikaona hatua moja tu mbele yangu?"

"Buti lilikuwa na nini siku hiyo?"

Mama Pacha akakumbuka. Alikuta buti tupu, akaweka humo mwavuli wake.

"Mwavuli," alisema.

"Basi uliziinamisha taa bila sababu, zikawa zinatafuta sindano iliyoanguka."

Kwa mara ya kwanza tangu mkanganyiko uanze, Mama Pacha alicheka. Lakini bado kulikuwa na kitu kilichomsumbua. "Hata siku nzuri, mwanga ni hafifu. Wa njano, kama chai ya maziwa."

"Nishusheni," Bibi alisema.

Wakamshusha. Akaenda akipapasa ubavu wa gari mpaka mbele. Akaweka vidole juu ya kioo cha taa, kile cha plastiki. Akavipitisha polepole, kulia, kushoto.

"Taa ngapi hizi?" aliuliza.

"Mbili, Bibi."

"Zote zina magamba. Zinakwaruza kama visigino vyangu. Mwanga utapita wapi hapa?"

Mwalimu Breki akamulika kwa simu. Kweli, vioo vya taa vilikuwa na ukungu wa njano. Hata balbu ndani haikuonekana.

"Jua limeviunguza," alisema. "Plastiki ikizeeka inafanya hivyo. Balbu ni nzima, lakini mwanga unaishia humo humo."

"Fundi aliwahi kusema anunue balbu kali zaidi," Mama Pacha alisema.

"Asithubutu! Balbu kali kuliko ile gari iliyotengenezewa inachemsha taa, inaunguza waya, na kupofusha wengine zaidi. Kioo kisuguliwe kwa msasa laini na maji, king'arishwe, kipakwe dawa ya kukikinga na jua. Na kioo cha mbele usisahau kukifuta, ndani na nje."

Bibi alisimama ameshika taa ya Kidonge kwa viganja viwili, kama anayemshika mtoto mashavu. "Pole, mjukuu wangu," aliliambia gari. "Tuko wawili."

Nyumbani walimkuta Fundi anakula. Mwalimu Breki alimweleza yote, kwa sauti iliyowafikia majirani wote. Fundi aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo mimi," alisema, "kila siku nilikuwa namwekea mke wangu..."

"Popo," Bibi alimalizia.

Fundi hakucheka. Alisukuma sahani pembeni. Alimtazama mkewe. "Ungeniambia, Mama Pacha. Ungeniambia kwamba unaogopa."

"Na wewe ungeuliza kigurudumu ni cha nini."

Wakatazamana. Kila mmoja akaona la mwenzake ni zito kidogo kuliko lake, wakaliacha.

Jumamosi Fundi alinunua msasa laini. Kusugua ndiyo kazi yake, na hapo hakuhitaji mwalimu, ingawa mwalimu alikuja na kiti chake mwenyewe, akasimamia. Kwanza alibandika karatasi ya gundi kuzunguka taa, asikwaruze rangi. Alisugua kwa maji. Maji meupe yakachuruzika kama maziwa. Akasugua tena kwa msasa laini zaidi, akang'arisha, akapaka dawa ya kukinga jua. Bibi aliletwa kukagua kwa vidole.

"Laini," alisema. "Sasa sugua na visigino vyangu."

Kisha Mwalimu Breki akatoa somo la mwisho, na mguu wake ukakanyaga vumbi kwa kila neno. "Shoga, sikiliza. Hata zikiwa safi, hata zikilenga sawa, taa za gari dogo la zamani hazifiki mbali. Usikimbie kuliko mwanga wako. Ukiona kitu pale mwanga unapoishia, uweze kusimama kabla hujakifikia. Ukishindwa, unakwenda mbio mno. Barabara ikiwa haina mtu, washa za juu. Ukiona mwenzio anakuja, au unamfuata mtu, rudisha za chini. Na mtu akikuwashia taa, usimpungie mkono! Jiulize, nimemkosea nini?"

Wiki ikaanza. Siku ile aliyopanga Mama Pacha kumwona msimamizi wake ikafika. Alimwona kweli. Alimwomba kanga za kutosha za wodi ya wazazi, basi.

Alasiri iliyofuata Fundi alirudi na Kidonge, nyuma boksi zimejaa. Aliingiza mkono karibu na usukani. Alizungusha kigurudumu, akatembea mpaka kwenye ukuta wa uani, akachuchumaa, akatazama, akarudi kurekebisha. Akafuta vioo vya taa kwa kitambaa.

"Vigae vimo vyote," alisema. "Nimekuwekea tatu, mke wangu."

"Asante, Baba Pacha." Akamwona bado amesimama. "Na sakafu yangu?"

"Wiki ijayo."

Giza likaingia. Mama Pacha alitoka kazini, akakata kona ya soko. Hakuona paa. Hakuona antena. Aliona lami, ukingo wa barabara, na mbele huko kreti za mayai zikitembea. Alikanyaga breki mapema, polepole, Kidonge akasimama bila kelele. Yule mtu wa baiskeli akageuka.

"Aa, dada wa popo! Leo umeniona?"

"Nimekuona tangu pale dukani. Hata kandambili zako nimeziona, moja imekatika."

"Usiniaibishe mbele za watu," alisema, akicheka, akavuka na mayai yake yote.

Nyumbani Bibi alikuwa mlangoni, amesikia gari tangu mbali. Mama Pacha alishuka, akampa mkono.

"Haya," Bibi alisema. "Leo umesalimiwa na wangapi?"

"Hakuna, Mama. Hata mmoja."

Bibi akaupapasa uso wa binti yake, nyusi, kope, mpaka kwenye tabasamu.

"Afadhali," alisema. "Walikuwa wanakuzoea sana."